Jina la Ukoo Washington: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Likitajwa jina Washington, wengi wetu huwaza mji mkuu wa Marekani, au yule rais wa kwanza ambaye sura yake imo kwenye noti ya dola moja. Ukurasa huu unahusu jina lenyewe kama jina la ukoo: lilizaliwa wapi, lilivukaje bahari, na ilikuwaje leo wengi wanaolibeba wakawa watu ambao mababu zao walitoka Afrika. Naliandikia kwa urefu kwa sababu masimulizi mengi ya jina hili huishia kwa George Washington. Mimi naona hapo ndipo hadithi inapoanza kunoga.

Je, Washington ni jina la Kiingereza au la Kimarekani?

Ni la Kiingereza. Kipo kijiji kiitwacho Washington kaskazini-mashariki mwa Uingereza, baina ya Sunderland na Newcastle, karibu na mto Wear. Siku hizi kimekua na kuwa mji, lakini kwa karne nyingi kilikuwa kijiji cha jimbo la Durham chenye kanisa na nyumba ya bwana mwenye ardhi. Ukoo ulichukua jina la kijiji, kisha mji mkuu wa Marekani ukachukua jina la mtu wa ukoo huo mwaka 1791, na jimbo la Washington lililo upande wa Pasifiki likafuata mwaka 1889.

Kuna Washington nyingine kusini mwa Uingereza, Sussex Magharibi. Hiyo haihusiki na ukoo wa rais.

Lina maana gani?

Kwa Kiingereza cha kale ni makao au shamba la watu wa Hwæsa. Hwæsa alikuwa mtu, pengine mkubwa wa eneo hilo zamani za Waanglo-Saksoni, na jina lake ndilo kitu pekee alichotuachia. Sehemu ya mwisho, *ton*, inatokana na neno la kale la boma au makao, nayo imo katika majina mengi ya miji ya Kiingereza. Wanaotafsiri jina hili kwa kuligawa, wakidai linahusu kuosha, wanabahatisha tu.

Nani alikuwa wa kwanza kuitwa hivyo?

Mtu aliyeitwa William de Hertburn. Alikuwa na ardhi mahali paitwapo Hertburn, karibu na Stockton. Akabadilishana na Askofu wa Durham: akatoa Hertburn, akapewa Washington, ambayo makarani wa wakati huo waliiandika Wessyngton. Mabadilishano hayo yameandikwa katika daftari la mali za askofu la mwaka 1183, lililotayarishwa kwa amri ya Askofu Hugh de Puiset. Alipohamia makao mapya, William akaacha kuitwa wa Hertburn, akawa William de Wessyngton.

Zingatia jambo hilo, kwa sababu linaonyesha majina haya yalivyofanya kazi. Kabla ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa waliosema Kifaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu. Baada ya hapo, mabwana wenye ardhi wakaanza kujitambulisha kwa mahali walipopamiliki, na taratibu watu wengine wakafuata, ama kwa jina la baba, ama kazi, ama sifa ya mwili au tabia. Mwanzoni jina la mahali halikurithiwa. Ukihama, linabadilika. Lilikuja kuganda kwenye ukoo baadaye, pale watoto walipoendelea kuitwa kwa jina la ardhi hata kama wenyewe hawakuishi tena pale.

Msomaji wa pwani yetu hatashangazwa na jambo hili. Shekhe Uways aliyeeneza tarika ya Qadiriyya aliitwa al-Barawi kwa sababu alitoka Barawa, na wapo watu wengi Mombasa, Lamu na Unguja ambao majina yao ya mwisho ni ramani ya safari za wazee wao.

Kwa nini nyaraka za zamani zina tahajia tofauti?

Kwa sababu karani aliandika alivyosikia. Wessyngton, Wessington, Wassington na Washington ni watu wa ukoo uleule. John Wessington, aliyekuwa mkuu wa watawa wa Durham kuanzia 1416 hadi 1446, ni mmoja wao. Lile *de*, maana yake “wa”, lilidondoka lenyewe kadiri Kifaransa cha mabwana kilivyopungua nguvu.

Ukoo ulifikaje Marekani?

Kwa hatua nyingi, na nyingine hazikuwa za heri.

Tawi moja lilihama Durham likaenda Lancashire, katika kijiji cha Warton. Kutoka huko, Lawrence Washington akashuka hadi Northampton, akatajirika kwa biashara ya sufu, akawa meya wa mji. Mfalme Henry wa 8 alipozifunga nyumba za watawa na kuuza mali zao, Lawrence alikuwa miongoni mwa wanunuzi. Mwaka 1539 akanunua ardhi ya Sulgrave na kujenga nyumba ambayo ipo hadi leo na hutembelewa na wageni.

Utajiri huo haukudumu. Mzao wake, naye aliitwa Lawrence, alisoma Oxford akawa kasisi wa Purleigh katika jimbo la Essex. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, upande wa Bunge ukawaandama makasisi waliodhaniwa kumpenda mfalme. Mwaka 1643 alifukuzwa kwenye parokia yake kwa tuhuma za kushinda vilabuni akilewa. Iwe kweli au siasa, familia ilipoteza riziki yake.

Mwanawe John akaingia katika biashara ya tumbaku na Virginia. Alifika huko mwaka 1657 akiwa na cheo chomboni. Wakati wa kurudi, merikebu yao ilikwama mtoni Potomac na kuharibika. Wakati ikitengenezwa, John akaamua kubaki. Akamwoa Anne Pope, binti wa mwenye mashamba, akapata ardhi. John akamzaa Lawrence, Lawrence akamzaa Augustine, na Augustine ndiye baba wa George, aliyezaliwa Februari 22, 1732. Laiti merikebu ile isingekwama, pengine jina hili lingebaki la kijiji cha Durham na makaburi machache.

Ni kweli kwamba bendera ya Marekani ilitokana na nembo ya ukoo huu?

Nembo ya ukoo ina mistari miwili myekundu iliyolala kwenye uwanja mweupe, na juu yake nyota tatu nyekundu. Kweli inafanana, na ndiyo sababu dai hilo halifi. Lakini hakuna ushahidi wa wakati ule unaoonyesha kwamba waliobuni bendera ya taifa waliitazama nembo ya jenerali wao. Bendera iliyotokana na nembo hiyo bila shaka yoyote ni ya mji wa Washington, iliyopitishwa mwaka 1938.

George Washington mwenyewe alijali nasaba yake?

Kidogo sana. Sir Isaac Heard, ofisa mkuu wa nembo za ukoo huko London, alipomwandikia kumwuliza kuhusu mababu zake, rais alijibu mwaka 1792 akikiri kwamba ni jambo ambalo hajalipa uzito. Alimpelekea alichokijua.

Je, kuna wazao wake wa damu?

Hapana. George hakuzaa. Aliwalea watoto wa mkewe Martha, waliotokana na ndoa yake ya kwanza, na hao walikuwa wa ukoo wa Custis. Mtu anayetoka kweli katika ukoo wa Washington wa Virginia anatokana na ndugu au binamu za George. Anayejitangaza kuwa kitukuu cha rais wa kwanza, jina lake liwe lolote, anasimulia jambo lisilo na msingi katika kumbukumbu.

Kwa nini Wamarekani wengi wenye jina hili ni weusi?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 163,036 wenye jina la ukoo Washington, na takriban asilimia 90 kati yao walikuwa Wamarekani weusi. Hakuna jina lingine lililoenea Marekani ambalo sehemu yake kubwa kiasi hicho ni watu weusi. Jefferson linafuata kwa mbali.

Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba mababu zao walikuwa watumwa wa George Washington wakabandikwa jina la bwana. Jibu hilo lina punje ya ukweli, lakini linawanyima watu hao kitu cha thamani, yaani uamuzi wao.

Utumwa ulipokoma mwaka 1865, watu takriban milioni 4 walijikuta wakihitaji jina la pili. Walilihitaji kwa mikataba ya kazi, kwa ndoa, kwa shule, kwa jeshi na kwa kura. Wako waliochukua jina la bwana wa mwisho, wako waliorudi kwenye jina la bwana wa zamani zaidi ili ndugu waliouzwa mbali waweze kuwatafuta, na wako waliotangaza hadharani jina ambalo familia ilikuwa nalo kwa siri miaka yote. Wengine wakachagua jina jipya kabisa. Kwa mtu aliyekuwa anahesabiwa pamoja na ng'ombe, kujiita Washington kulikuwa kusema kwamba nchi hii ni yake pia. Tusisahau kwamba wakati huo jina hilo halikuwa na sifa ya umiliki wa watumwa kwa uzito tunaoupa leo. Lilikuwa jina la aliyepigania uhuru, na watu wengi weusi walijua kwamba aliacha wosia wa kuwaachia huru watumwa wake.

Booker T. Washington alilipataje?

Darasani, kwa sekunde chache. Alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1856, na hadi anakwenda shule huko West Virginia baada ya uhuru alijulikana kwa jina moja tu, Booker. Mwalimu alipoanza kuita majina, mtoto akasikia kila mwenzake ana majina mawili, wengine hata matatu. Zamu yake ilipofika akasema kwa utulivu, “Booker Washington”, kana kwamba ndivyo alivyoitwa siku zote. Baba yake wa kambo jina lake la kwanza lilikuwa Washington. Baadaye akajua kwamba mama yake alikuwa amempa jina Taliaferro, akaliweka katikati.

Katika kumbukumbu za maisha yake alizozitoa mwaka 1901, anaeleza kwamba karibu watu wote waliopata uhuru walikubaliana juu ya mambo mawili: lazima wabadili majina, na lazima waondoke shambani kwa bwana walau kwa siku chache, ili wauhisi uhuru wenyewe. Anasema pia kwamba mtu aliyekuwa akiitwa John tu, au John wa Hatcher, yaani John mali ya bwana Hatcher, alijigeuza John S. Lincoln, na ile S haikusimamia neno lolote. Ilikuwa haki yake kuwa nayo. Mimi kila nikifika hapo husita. Herufi isiyo na maana yoyote iliwekwa kwa fahari na mtu ambaye jana hakuwa na hata jina la pili.

Basi watumwa wa George Washington waliitwaje?

Mwaka 1799, mwaka aliofariki, shambani kwake Mount Vernon kulikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa mali yake, 153 walikuwa wa urithi wa Custis, mume wa kwanza wa Martha, na waliobaki walikodiwa kutoka kwa watu wengine. Wosia wake uliwagusa wale 123 peke yao, na Martha aliwaachia huru Januari 1, 1801. Wale wa urithi wa Custis hawakuwa huru. Waligawiwa kwa wajukuu wa Martha, na ndoa nyingi za watu wa makundi hayo mawili zikavunjika.

Ukisoma majina yao utakuta William Lee, aliyekuwa mtumishi wake vitani. Hercules Posey, mpishi. Ona Judge, msichana aliyetoroka nyumba ya rais huko Philadelphia mwaka 1796 na hakukamatwa kamwe. Walikuwa na majina yao ya ukoo, na hayakuwa Washington. Mtu akijua hilo peke yake, ile nadharia ya kubandikwa jina la bwana inapungua nguvu.

Hakuna hata mmoja aliyelibeba?

Yupo, na maisha yake yanastahili kujulikana Afrika nzima. Harry Washington alizaliwa upande wa Gambia yapata mwaka 1740, akauzwa Marekani, na mwaka 1763 akanunuliwa na George Washington. Mwaka 1776, wakati bwana wake akiongoza jeshi la kudai uhuru kutoka kwa Waingereza, Harry alitoroka akajiunga na Waingereza, waliowaahidi uhuru watumwa wa waasi. Mwaka 1783 Waingereza walipoondoka New York waliwaandika daftarini weusi waliosafiri nao. Humo yumo Harry Washington, miaka 43, na imeandikwa kwamba zamani alikuwa mali ya Jenerali Washington.

Akapelekwa Nova Scotia, Kanada, penye baridi kali na ardhi haba. Mwaka 1792 akapanda meli na wenzake zaidi ya 1,000 kwenda Sierra Leone, wakaanzisha Freetown. Huko kampuni iliyotawala ikawadai kodi ya ardhi waliyoahidiwa bure, na mwaka 1800 walowezi wakaasi. Harry alikuwa miongoni mwao, akahukumiwa uhamisho ng'ambo ya mto, ufukwe wa Bullom. Wenzake wa uhamishoni wakamchagua kuwa kiongozi. Kwa hiyo jina la kijiji cha Durham lilifika Afrika likiwa la mtu aliyepinga kodi isiyo halali, miaka michache tu baada ya bwana wake wa zamani kusifiwa dunia nzima kwa jambo lilelile.

Kulikuwa na watumwa wengine wenye jina hili kabla ya 1865?

Walikuwepo. Anayejulikana zaidi ni Madison Washington. Novemba 1841 alikuwa ndani ya merikebu Creole, iliyokuwa ikisafirisha watumwa zaidi ya 100 kutoka Virginia kwenda kuuzwa New Orleans. Aliongoza uasi, wakaiteka merikebu na kuielekeza Nassau, katika visiwa vya Bahama, ambako sheria ya Kiingereza ilikwisha kuufuta utumwa. Wengi wao wakapata uhuru.

Je, jina hili lina uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo, ila msiutie chumvi. Nchini Kenya, hasa Nyanza, Washington ni jina la kwanza la mwanamume, la ubatizo au la heshima. Marehemu Washington Jakoyo Midiwo, aliyekuwa mbunge wa Gem, ni mfano. Hapo si jina la ukoo. Kupitia Booker T. Washington kuna uhusiano mwingine: chuo chake cha Tuskegee, kilichoanzishwa Alabama mwaka 1881, kilitazamwa kama kielelezo na tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Kimarekani, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, na shule ya Jeanes, ya kufundishia walimu, iliyofunguliwa Kabete mwaka uliofuata ilifuata fikra hizo za elimu ya ufundi na kilimo. Wapo waliozisifu, na wapo waliosema kwamba zilikusudiwa kumfunga Mwafrika jembeni.

Jambo lenyewe la mtu aliyekombolewa kupewa au kujitwalia jina la Kiingereza tunalo kwetu. Matthew Wellington, Myao aliyezaliwa akiitwa Chengwimbe, alitekwa utumwani, akakombolewa na kusomeshwa katika misheni ya Nasik, India. Alikuwa mmoja wa waliobeba mwili wa David Livingstone hadi pwani, na alifariki Mombasa mwaka 1935. Wellington nalo ni jina la mji wa Kiingereza lililokuwa cheo cha jenerali maarufu. Njia ni ileile.

Naweza kununua nembo ya ukoo wa Washington nikaitundika ukutani?

Kununua picha, ndiyo. Lakini kwa sheria ya nembo ya Uingereza, nembo hutolewa kwa mtu na kurithiwa na wazao wake. Haiwi ya kila mwenye jina lile. Maduka yanayouza “nembo ya jina lako” yanauza pambo.

Nina ndugu Marekani aliyeolewa na mtu wa jina hili, wanataka kujua walikotoka. Waanzie wapi?

Waanze na wazee walio hai, kabla ya karatasi yoyote. Waandike majina yote ya kina mama, maana kwa ukoo wa watu waliotumikishwa jina la baba huweza kubadilika mara mbili katika kizazi kimoja.

Kisha warudi nyuma kwa sensa, ambayo hufanywa kila baada ya miaka 10, hadi ile ya 1870. Hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika weusi wote wa Kusini kwa majina. Kabla yake, orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la mmiliki, bila jina la mtumwa. Watafiti wengi hukwama hapo.

Njia bora ya kupenya ni madaftari ya benki ya akiba iliyoanzishwa kwa ajili ya watu waliopata uhuru, iliyofanya kazi kuanzia 1865 hadi ilipofilisika mwaka 1874. Benki yenyewe ilipoteza fedha za maskini, na hilo halisameheki. Lakini ili kumtambua mteja asiyejua kusoma, makarani walimwuliza alizaliwa wapi, wazazi wake ni nani, mke, watoto, kaka na dada zake wako wapi, na mara nyingine alikuwa kwenye shamba la nani. Kwa familia nyingi hayo ndiyo maandishi pekee ambamo babu mwenyewe anawataja ndugu zake waliouzwa, mmoja baada ya mwingine, kwa majina.